Nyama ya Kifuani Kuwekwa Kinywani: Nini Huifanya Iishi au Ife

Mtu akikatwa saratani ya ulimi, ya ufizi au ya koo, jambo la kwanza ambalo jamaa zake huuliza ni kama uvimbe umetoka wote. Ni swali la haki. Lakini uvimbe ukishatoka hubaki shimo, na shimo hilo haliko mahali pa kufunikwa kwa nguo. Liko pale mtu anapopitishia chakula, pumzi na maneno. Ikiwa imeondolewa nusu ya ulimi, au upande mzima wa taya, au ukuta wa koo, basi hapana ngozi ya jirani inayotosha kuvutwa ikaziba. Ndipo daktari mpasuaji hulazimika kuazima nyama kutoka mahali pengine pa mwili wa mgonjwa huyohuyo, akaileta pale na kuishona.

Nyama hiyo madaktari huiita flapu, na ndiyo tutakayoizungumzia leo. Mara nyingi flapu hushika ikaishi. Mara nyingine hugeuka nyeusi siku ya tatu au ya nne, ikaanza kunuka, ikabidi itolewe. Jamaa huambiwa harakaharaka mlangoni mwa wodi kwamba "imekataa", nao hurudi nyumbani wakiamini kuwa mwili wa mgonjwa umeikataa kama vile mwili unavyoweza kukataa figo ya mtu mwingine. Sivyo hata kidogo. Nyama ni yake mwenyewe na mwili hauna ugomvi nayo. Flapu ikifa, karibu mara zote imekufa kwa ajili ya mishipa: ama damu haikuingia, ama damu iliingia ikakosa pa kutokea. Na hilo la pili ndilo hutokea mara nyingi zaidi.

Wako wanaodhani kwamba kazi yote hii ni ya urembo, kwamba mtu akishanusurika na saratani hana haja ya kulilia sura. Tuseme mgonjwa ameondolewa uvimbe wa koo pamoja na tezi za shingo. Pale shingoni unapoweka vidole kusikiliza mapigo, pana mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Baada ya upasuaji, flapu ndiyo inayoutenga mshipa huo na mate. Flapu ikifa, mate huvuja shingoni usiku na mchana, nayo mate yamejaa vijidudu. Ukuta wa mshipa ukioza na kupasuka, mgonjwa anaweza kumalizika kwa dakika chache tu. Hata balaa hilo lisipotokea, liko suala la tarehe. Wagonjwa wengi wa saratani hizi huhitaji tiba ya mionzi baada ya upasuaji, na inatakiwa ianze ndani ya majuma 6 hivi. Kidonda kilicho wazi na chenye kuvuja huwalazimisha madaktari kungoja. Flapu iliyokufa humla mgonjwa majuma yake, na saratani iliyobaki haingoji kidonda kikauke.

Sasa tutofautishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kiraka cha ngozi, kama kile anachowekewa aliyeungua moto, ni ngozi nyembamba iliyobanduliwa bila mshipa wowote. Siku za mwanzo huishi kwa kufyonza majimaji ya kidonda, mpaka vijishipa vya chini vikue na kupenya ndani yake. Kiraka cha namna hiyo hakiwezi kujaza nafasi ya taya wala ya nusu ya ulimi. Flapu ni nene. Ina ngozi na mafuta, na mara nyingine ina msuli au mfupa. Kitu kinene namna hiyo hakiwezi kungoja siku mbili tatu bila damu. Lazima kije na mishipa yake.

Jambo hili watu walilitumia kabla hawajalielewa. Mwaka 1597 Gaspare Tagliacozzi, tabibu wa mji wa Bologna huko Italia, alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kutengeneza pua kwa ngozi ya mkono. Aliinua ngozi ya mkono akaiacha imeshikana na mkono upande mmoja, akashona ncha nyingine usoni, na mgonjwa akakaa majuma kadhaa mkono umefungwa kichwani, mfano wa mtu aliyejishika kichwa kwa msiba. Baada ya hapo ndipo alipoutenganisha mkono na pua. Kumbukeni kwamba kitabu cha William Harvey kilichoeleza kuwa damu huzunguka mwilini kilitoka mwaka 1628, miaka 31 baadaye. Tagliacozzi alijua tu kwamba ukikata mapema pua inakufa, na ukingoja inaishi. Leo tunajua sababu yake: katika muda wa majuma matatu hivi mishipa midogo ya pale palipopandikizwa huwa imeungana na ya ngozi mpya, hata ule mshipa wa mwanzo ukikatwa ngozi haifi.

Harold Gillies, mpasuaji mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alizidi kuliendeleza. Mwaka 1917 alikuwa akimtengeneza baharia aliyeungua uso katika mapigano ya majini ya Jutland. Akaona kingo za ngozi aliyoiinua zinajikunja kwa ndani, akazishona pamoja zikawa kama bomba. Ndani ya bomba damu ilipita salama na uchafu haukuingia, jambo kubwa kwa zama ambazo penisilini haijapatikana.

Kwa saratani ya kichwa na shingo, hatua iliyobadili mambo katika hospitali zisizo na vifaa vingi ni ile ya mwaka 1979, Stephan Ariyan wa Marekani alipotangaza flapu ya msuli mkubwa wa kifua. Mishipa yake hutokea chini ya mtulinga. Mpasuaji huinua msuli pamoja na kipande cha ngozi kilicho juu yake, akaupitisha chini ya ngozi ya shingo mpaka kinywani, na mishipa haikatwi. Haihitaji hadubini, na hospitali nyingi za Afrika huitegemea hadi leo. Ni nadra flapu hii kufa nzima. Kinachotokea zaidi ni kufa ncha yake, ile sehemu ya ngozi iliyo mbali kabisa na mtulinga, hasa kama mpasuaji, kwa kutaka urefu, amekata ngozi iliyopita mwisho wa msuli. Kwa akina mama wenye matiti makubwa, ngozi na msuli hutenganishwa na mafuta mengi, na vijishipa vinavyopanda kutoka msulini huyumba. Na ile njia ya chini ya ngozi ya shingo isipopanuliwa vya kutosha, msuli ukivimba hujinyonga wenyewe mle ndani.

Njia ya pili ni kukata mishipa kabisa, kuibeba nyama hadi kinywani na kuishona mishipa yake kwenye mishipa ya shingo. Ufundi wa kuunganisha mishipa ulianzishwa na Alexis Carrel wa Ufaransa, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi hiyo, lakini ilibidi kungoja hadubini na nyuzi nyembamba kuliko unywele kabla ya mtu kuthubutu kushona mshipa wa upana wa milimita mbili. Madaktari wa China walitangaza mwaka 1981 flapu ya kigasha, ngozi nyororo ya ndani ya mkono inayofaa sana kwa ulimi. Mwaka 1989 David Hidalgo wa New York akaonyesha kwamba mfupa mwembamba wa mguu, ule ulio upande wa nje wa muundi, unaweza kukatwakatwa na kupindwa ukawa taya, na mgonjwa bado akatembea. Katika hospitali kubwa zenye uzoefu, flapu 95 au zaidi kati ya 100 za namna hii huishi. Ni hesabu nzuri, ila haimsaidii yule wa tano, kwa kuwa hapa hakuna cha kufa ncha: mshipa ukiziba, flapu nzima inakwenda.

Fikirini jaruba la mpunga. Lina mlango wa maji kuingia na mlango wa maji kutoka. Ukifunga wa kuingilia, mpunga unakauka. Ukifunga wa kutokea, maji yanajaa, yanapanda juu ya mche, na mwisho mpunga unaoza katikati ya maji. Flapu nayo ina ateri inayoleta damu na vena inayoirudisha. Ateri ina ukuta mnene na damu yake inakuja kwa nguvu ya moyo. Vena ni nyembamba, damu yake inakwenda polepole, na hubonyea hata kwa kidole. Kwa hiyo chochote kinachobana shingo huanza kwa vena. Shingo ikipindwa upande vibaya, vena inapata kona. Damu ikivuja chini ya ngozi na kujikusanya bonge, bonge linailalia vena. Na kuna jambo dogo ambalo limeua flapu nzuri: wagonjwa wengi wa upasuaji huu huwekewa mrija wa kupumulia katika tundu la shingoni, na mrija huo kwa kawaida hufungwa kwa utepe unaozunguka shingo. Mtu akija kuukaza kwa nia njema ili mrija usichomoke, amemnyonga mgonjwa vena. Ndiyo maana madaktari wengi huushona mrija kwenye ngozi, wakakataza utepe wowote. Wewe ndugu wa mgonjwa ukikuta utepe umelegea, usiukaze, mwite muuguzi.

Yako pia yanayotangulia chumba cha upasuaji. La kwanza ni chakula. Mtu mwenye uvimbe wa koo huwa amekwisha kaa miezi akinywa uji tu, na akifika hospitali nguo zinamvuka. Mwili uliokonda namna hiyo hauna cha kujengea kidonda, na mara nyingi ni busara zaidi kumlisha kwa mpira wa puani kwa siku 7 hadi 14 kwanza. Jamaa huona ni kucheleweshwa, wakalalamika. Ni matibabu. Wenzetu wa pwani wanaotafuna tambuu wana shida ya ziada: popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani, na kabla ya hapo huweza kukaza mashavu mpaka kinywa hakifunguki, kula kukawa kwa taabu.

La pili ni sigara. Nikotini hubana mishipa midogo na moshi huinyima damu nafasi ya kubeba oksijeni. Hata hivyo tusiseme kuliko tunavyojua. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba sigara huharibu zaidi kupona kwa kidonda, kingo zikaachana na mate yakavuja, kuliko inavyoziba ule mshipa ulioshonwa. Mvutaji hushauriwa kuacha majuma 4 hivi kabla. Anayefichiwa sigara mbili chini ya mto na shemeji yake aliyekuja kumjulia hali hajasaidiwa.

Kisukari kisichodhibitiwa ni adui wa kidonda. Uzee peke yake si kizuizi, ingawa magonjwa yanayofuatana nao yanaweza kuwa. Mzee wa miaka 75 mwenye moyo mzuri hushika flapu sawa na kijana. Tiba ya mionzi iliyopita nayo ni mtihani mkubwa. Shingo iliyowahi kupigwa mionzi huwa ngumu kama ngozi iliyokaushwa, mishipa yake dhaifu kwa ndani, hata sindano ikipita utando wa ndani hubanduka. Mpasuaji hulazimika kutafuta mishipa mbali zaidi. Tena katika shingo kama hiyo ile mishipa mipya ya majuma matatu hukua kwa uvivu, na flapu huendelea kutegemea mshipa wake wa mwanzo kwa muda mrefu. Mgonjwa wa namna hiyo akirudi kupasuliwa shingo baada ya miezi, amwambie daktari mpya kwamba ana flapu.

Ndani ya chumba cha upasuaji hatutakaa sana, maana huko msikilizaji hana la kufanya. Mgonjwa asiachwe apate baridi, kwa kuwa baridi hufumba mishipa. Asimwagiwe maji ya dripu kupita kiasi, kwa kuwa flapu huvimba. Zamani madaktari waliogopa sana dawa za kupandisha shinikizo la damu wakidhani zitabana mishipa ya flapu. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umewatuliza.

Kazi kubwa huanza mgonjwa akirudishwa wodini. Mishipa mingi inayoziba huziba katika saa 72 za kwanza, na zaidi katika siku mbili za mwanzo. Ikigunduliwa mapema, mgonjwa akarudishwa upesi chumbani, bonge likatolewa na mshipa ukashonwa upya, flapu nyingi huokoka. Ikikawia, hata ukifungua mshipa damu haipiti tena, kwa kuwa vijishipa vya ndani vimevimba na kujifunga. Msuli huvumilia saa chache tu. Kipande cha utumbo, ambacho zamani kilitumika sana kutengeneza koo, huvumilia muda mfupi zaidi.

Je, muuguzi hutazama nini? Flapu iliyokosa damu ya kuingia hupauka, hupoa, na ikidungwa kwa sindano haitoi kitu. Flapu iliyokosa pa kutolea damu huvimba, hukaza, huwa na rangi ya zambarau; ukiibonyeza rangi hurudi haraka mno, na ukiidunga hutoa damu nyeusi mara moja. Flapu yenye afya ni ya vuguvugu, laini, ukibonyeza rangi hurudi baada ya sekunde mbili hivi, na ikidungwa hutoa tone la damu nyekundu baada ya kitambo kidogo. Wapo watakaosema mbona inavuja damu vizuri, si ishara nzuri hiyo? Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Damu nyeusi inayokimbilia nje ni jaruba lililojaa.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya tiba, vilivyoandikwa kwa picha za ngozi nyeupe, havikutilia mkazo. Kwenye ngozi nyeusi ile zambarau haionekani, na kupauka hakuonekani mpaka muda umepita. Ukimngoja mgonjwa wetu abadilike rangi kama wa kwenye picha, umechelewa. Muuguzi wa hapa lazima atumie zaidi vidole, sindano na kifaa cha kusikilizia mwendo wa damu kama anacho, na alinganishe rangi ya flapu na ngozi ya pale ilipotolewa, siyo na utando mwekundu wa kinywa ulioizunguka. Ngozi ya kigasha iliyolazwa juu ya ulimi daima itaonekana ngeni pale.

Kazi hiyo hufanywa kila saa katika siku ya kwanza, usiku na mchana, na kwa karibu siku zinazofuata. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa arobaini hawezi. Mimi kwa maoni yangu hospitali isiyo na wauguzi wa kutosha wa zamu ya usiku, wala chumba cha upasuaji kinachoweza kufunguliwa saa nane za usiku, isione haya kubaki na flapu ya kifua, hata kama imepewa hadubini ya msaada. Msuli wa kifua ni mnene na hautengenezi ulimi mwepesi, lakini unaweza kulala bila kulindwa namna ile. Wizara zetu zinapopanga bajeti za upasuaji huu, fungu la muuguzi wa usiku liandikwe mstari mmoja na fungu la mashine.

Pale vena inapokuwa imeharibika isirekebishike, madaktari wamerudi kwa mnyama wa mtoni: ruba. Wazee wetu waliojua kuumika wasicheke, maana Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilimpitisha ruba mwaka 2004 kuwa kifaa halali cha tiba. Ruba huinyonya flapu ile damu iliyojaa, na mate yake yana kitu kinachozuia damu kuganda, hata akiisha kuachia, jeraha huendelea kutiririka kwa saa kadhaa. Hivyo flapu hupewa mlango wa muda wa kutolea maji mpaka vena mpya ziote, kazi ya siku kadhaa. Ruba wenyewe wana vijidudu tumboni, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria, na hupimwa damu kila mara asije akaishiwa. Wakiwekwa kinywani, koo huzibwa kwa shashi ili mmoja asitambae akashuka chini.

Flapu ikivuka juma la kwanza, hofu kubwa imepita. Ikivuka majuma matatu ni nyama ya pale. Lakini haisahau ilikotoka. Ngozi ya kifua cha mwanamume huweza kuota nywele ndani ya koo, na mgonjwa akahisi kitu kinamkereketa akimeza. Mionzi ikipita, mara nyingi nywele hizo huacha kuota. Na flapu iliyotoka tumboni au pajani, mwenyewe akinenepa, nayo hunenepa mlemle kinywani.